Kuzuia moduli ya keneli huanza kwa kujua nani anaiita

Maelekezo mengi ya kuzuia moduli ya keneli ya Linux (keneli ni kiini cha mfumo endeshi) isipakiwe kompyuta inapowaka huishia kwenye mstari mmoja: fungua faili ndani ya `/etc/modprobe.d`, andika `blacklist` na jina la moduli, hifadhi, zima, washa. Mara nyingine mstari huo unatosha kabisa. Mara nyingine mtu anawasha kompyuta, anaandika `lsmod`, amri inayoorodhesha moduli zilizopakiwa, na kuikuta moduli ileile imekaa palepale kana kwamba hakuandika kitu. Katika kazi yangu ya kuhudumia kompyuta hapa Mwanza, nyingi zikiwa zimetumika ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu, nimewaona watu wenye bidii na akili nzuri wakikata tamaa hapo na kuamua kwamba Linux haiwasikii. Linux inasikia vizuri sana. Ila mstari wa `blacklist` unasema jambo dogo kuliko wengi wanavyodhani, na kompyuta inatekeleza hilo dogo.

Ndiyo maana ninapenda kuanza na swali moja kabla ya kugusa faili lolote: ni nani anayeiita moduli hii? Moduli haijipakii yenyewe. Kuna anayeihitaji, naye huiita kwa njia yake, na kila njia ina mahali pake pa kuzuiliwa. Ukizuia njia moja huku moduli inaingilia nyingine, umemfungia mtu mlango wa mbele na kumwachia wa uani wazi.

Kwanza nieleze moduli zinakaa wapi. Moduli ni kipande cha keneli kinachohifadhiwa peke yake diskini, chini ya `/lib/modules`, katika folda yenye jina la toleo la keneli linalotumika. Jina la faili huishia na `.ko`, na katika matoleo mengi ya siku hizi faili hilo limekandamizwa ili lisichukue nafasi. Draiva za vifaa karibu zote ziko hivyo, na vilevile mifumo mingi ya faili na itifaki za mtandao. Kompyuta moja hutumia sehemu ndogo tu ya hazina hiyo, lakini zote zimewekwa kwa sababu waliotengeneza mifumo ya Linux kama Debian au Ubuntu hawajui kompyuta yako ina kadi gani. Keneli inapogundua kifaa hutoa tangazo lenye maelezo ya kifaa hicho, programu iitwayo udev hulipokea, na maelezo yale hulinganishwa na orodha ya lakabu iliyo katika faili la `modules.alias`, ambalo huandaliwa na amri ya `depmod`. Lakabu ikilingana, moduli yenye lakabu hiyo inapakiwa. Yote hayo hufanyika kabla hujaona hata picha ya kuingilia.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliowahi kuutumia kufundishia ulitoka Pasiansi, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Kijana mmoja wa huko alitaka kupokea taarifa ambazo ndege hutangaza zenyewe kwenye masafa ya 1090 MHz, zenye mahali ilipo, kimo chake na jina la safari, ili aone kwenye ramani ndege zinazopita juu ya ziwa. Alikuwa na kipokezi kidogo cha USB chenye chipu ya RTL2832U. Vipokezi hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, lakini mwaka 2012 wapenzi wa redio walibaini kwamba chipu hiyo inaweza kuipa kompyuta mawimbi yakiwa ghafi, bila kuyachambua, na tangu hapo kifaa cha bei ndogo kimekuwa redio inayoweza kusikiliza sehemu kubwa ya masafa. Kijana alifunga antena juu ya paa, akachomeka, akaendesha programu, na skrini ikamjibu:

`usb_claim_interface error -6`

"Kaka, au wameniuzia kibovu?" aliniuliza. Kifaa kilikuwa kizima. Namba -6 katika maktaba ya libusb ina maana kwamba kifaa tayari kinatumiwa na mwingine, na huyo mwingine alikuwa keneli yenyewe. Kwa keneli, kile bado kilikuwa kipokezi cha televisheni, kwa hiyo kila kilipochomekwa draiva ya televisheni ilikiwahi. Tuliandika `lsusb`, tukapata namba ya kifaa, `0bda:2838`, kisha tukaitafuta katika orodha ya lakabu:

`grep 0BDAp2838 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias`

Jibu lilikuwa mstari huu:

`alias usb:v0BDAp2838d*dc*dsc*dp*ic*isc*ip*in* dvb_usb_rtl28xxu`

Nilimsihi asiuruke mstari huo kwa sababu unatisha kuuangalia. Herufi `v` inatangulia namba ya mtengenezaji, `p` inatangulia namba ya bidhaa, na kila nyota ina maana "chochote kile". Mstari wote unasema: kikichomekwa kifaa cha mtengenezaji 0BDA chenye namba ya bidhaa 2838, hata sifa zake nyingine zikiwa zipi, mwite `dvb_usb_rtl28xxu`. Hapo tulikuwa tumempata mwitaji, naye ni lakabu peke yake. Hakuna moduli nyingine inayoitegemea, wala hakuna faili linaloitaja kwa jina. Kwa hali kama hiyo mstari mmoja ndani ya faili jipya, tuseme `/etc/modprobe.d/redio.conf`, unamaliza kazi:

`blacklist dvb_usb_rtl28xxu`

Maana halisi ya mstari huo ni hii: lakabu zote ambazo moduli hii imekuja nazo zipuuzwe. Basi. Tulichomoa kifaa, tukaiondoa moduli iliyokwisha kupakiwa kwa `sudo modprobe -r dvb_usb_rtl28xxu`, tukachomeka tena bila kuzima kompyuta, na jioni hiyo namba za safari zikaanza kuonekana. Jina la faili lazima liishie na `.conf`, la sivyo halisomwi kabisa, na hakuna ujumbe wa kukuonya. Katika mafaili haya kistari cha kati na kistari cha chini ndani ya jina la moduli ni kitu kimoja, ingawa mahali pengine, kama nitakavyoeleza, sivyo.

Sasa tutoke Pasiansi twende Nyegezi, kwenye steshenari moja karibu na stendi, ambako maana finyu ya `blacklist` inaonekana vizuri zaidi. Wanafunzi huleta kazi zao kwenye flashi ili zichapishwe, na flashi hizo zimepita kwenye kompyuta za kila aina. Mama mwenye duka ana kompyuta mbili: moja ya kuchapishia, nyingine ya hesabu na madeni. "Mwanangu," aliniambia, "hii ya hesabu sitaki flashi ya mtu yeyote iingie, hata ya mwanangu wa kumzaa." Ombi hilo ni la busara, nami naliheshimu sana, kwa sababu wengi huanza kufikiria usalama baada ya hesabu kupotea. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshaandika `blacklist usb_storage`, yaani moduli inayoshughulikia flashi na diski za nje. Hata hivyo flashi zilifunguka kama kawaida.

Sababu yake inastahili kutazamwa kwa makini. Moduli zinazojitangaza kwa flashi ya kawaida ni mbili. Ya kwanza ni `usb_storage`, na ya pili ni `uas`, iliyoandikwa kwa ajili ya diski za USB zenye mwendo wa kasi lakini ikibeba pia lakabu ya flashi za aina ya zamani. Flashi inapochomekwa, udev hujaribu zote mbili. `usb_storage` ilipuuzwa kwa sababu ya ule mstari, lakini `uas` haikukatazwa na mtu. Na `uas` haiwezi kusimama peke yake, kama amri hii inavyoonyesha:

`modinfo -F depends uas`

Jibu lake ni `usb-storage`. Moduli inapopakiwa, zile inazozitegemea hupakiwa kwanza, tena kwa majina yao na si kwa lakabu, kwa hiyo mstari wa `blacklist` hauna la kusema hapo. `uas` ikaivuta `usb_storage` ndani, na `usb_storage` ikishakuwa ndani hushika kila flashi inayoiona. Fundi yule alizuia lakabu, ilhali mwitaji wa pili alikuwa utegemezi.

Kinachozuia utegemezi ni neno jingine la mafaili yaleyale, `install`, ambalo huagiza kwamba badala ya kupakia moduli iendeshwe amri utakayoitaja:

`install usb_storage /bin/false`
`install uas /bin/false`

Programu ya `/bin/false` haifanyi kitu isipokuwa kurudisha jibu la kushindwa. Yeyote atakayeiita `usb_storage` kupitia `modprobe`, programu ya kupakia moduli, awe lakabu, awe moduli nyingine, awe msimamizi anayeandika jina lake kwa mkono, atapata jibu hilo, na moduli iliyokuwa ikiitegemea nayo itashindwa kupakiwa. Wapo wanaoandika `/bin/true`, ambayo hurudisha jibu la kufanikiwa bila kupakia chochote. Mimi siipendi. Kompyuta inayosema imefanya jambo ambalo haikulifanya itamsumbua fundi atakayekuja baada yangu, atatafuta kosa mahali lisipokuwepo, na atamlipisha mteja kwa muda huo. Afadhali kukataa kuonekane. Ili kuona kitakachotokea bila kupakia kitu, andika `modprobe -n -v uas`. Ukiona `install /bin/false` kwenye jibu, katazo limefika.

Kabla ya kumkabidhi mama kompyuta yake nilimweleza mambo mawili ambayo moduli hizi hazihusiki nayo, maana si haki kumwachia mtu imani kubwa kuliko ulinzi aliopewa. Simu ya Android inayohamisha mafaili kwa MTP haipiti kwenye `usb_storage` hata kidogo, kwa hiyo simu ilihitaji hatua yake nyingine. Na mtu mwenye nenosiri la msimamizi anaweza kuondoa katazo lote, hivyo nenosiri lisizungumzwe dukani. Niongeze la tatu kwa mafundi wenzangu: kompyuta inayowaka kutoka diski ya USB isiwekewe mistari hii kamwe, na vilevile sehemu za kusomea kadi za kamera kwenye kompyuta nyingi zimeunganishwa kwa USB kwa ndani, nazo zitanyamaza pamoja na flashi.

Kuna mwitaji wa tatu ambaye watu wengi hawamjui, na kwa upande wa usalama ndiye anayenishughulisha zaidi. Keneli yenyewe huita moduli kwa niaba ya programu. Programu ikiomba soketi, yaani mlango wa mawasiliano ya mtandao, ya itifaki ambayo bado haijapakiwa, keneli huiendesha `modprobe` ikiwa na lakabu ya itifaki hiyo. Mtu akiomba kufungua diski ya mfumo wa faili usio wa kawaida, keneli hufanya vivyo hivyo. Katika suala la soketi, anayeomba si lazima awe msimamizi. Februari 2017 mtafiti Andrey Konovalov alitangaza kasoro katika itifaki ya DCCP, iliyopewa namba CVE-2017-6074. Kasoro hiyo yaelekea ilikuwemo tangu DCCP ilipoingizwa kwenye keneli mwaka 2005, na ingeweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi mkuu. Watu wengi mno hawajawahi kutumia DCCP maishani, na bado kompyuta zao zilikuwa hatarini, kwa kuwa moduli iliyolala diskini ingeamshwa na ombi la soketi tu.

Hapa pia aliyeandika `blacklist dccp` peke yake hakujilinda. Lakabu iliyoitwa na keneli, `net-pf-2-proto-33-type-6`, haikuwemo ndani ya `dccp`. Ilikuwemo ndani ya `dccp_ipv4`, ambayo iliitegemea `dccp`. Ni mpangilio uleule wa steshenari ya Nyegezi, safari hii kwenye mtandao. `install dccp /bin/false` ilifunga, kwa sababu ilikata ile moduli ya chini ambayo zote ziliitegemea. Kanuni ninayoifuata ni kutafuta moduli ya chini kabisa katika mnyororo, kuikataza hiyo kwa `install`, kisha kuhakikisha kwamba hakuna kitu ninachokihitaji kinachoitegemea.

Miongozo ya usalama ya Center for Internet Security inapendekeza kuzuia itifaki za namna hiyo pamoja na mifumo ya faili isiyotumika sana, kama `cramfs`. Nakubaliana nayo kwa seva, ila ninaisoma nikiwa na kalamu mkononi. Baadhi ya miongozo hiyo imewahi kutaja `squashfs` pia, na anayeizuia kwenye kompyuta yenye snap, pale `squashfs` ilipo moduli na si sehemu ya keneli yenyewe, atakuta programu zilizowekwa kwa snap hazifunguki, kwa sababu vifurushi vya snap ni picha za `squashfs`. Orodha ya mtu mwingine haijui kompyuta yako inatumia nini.

Mwitaji wa nne simwiti adui, maana yupo kwa hiari ya mtu: ni mafaili ya `/etc/modules` na `/etc/modules-load.d`, ambako moduli hutajwa kwa jina ili zipakiwe mapema. Ukiwa na moduli isiyoondoka, pitia huko. Kama imeandikwa, futa mstari. Hakuna zaidi.

Nimeacha kwa makusudi suala linalowasumbua wengi kuliko yote, yaani wakati. Kompyuta haianzi kusoma diski yako moja kwa moja. GRUB, programu inayoanzisha mfumo, hupakia keneli pamoja na kifurushi kidogo kiitwacho initramfs, chenye moduli za kutosha kufikia diski kuu, chenye udev yake, na chenye nakala ya mafaili ya `/etc/modprobe.d` kama yalivyokuwa siku kifurushi kilipojengwa. Kama moduli usiyoitaka imo ndani ya kifurushi hicho, itapakiwa kabla diski kuu haijafunguliwa, na faili uliloliandika leo halitaonekana na yeyote kwa wakati huo.

Nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA, ndiyo inayotufundisha somo hili kila mara. Kompyuta mpakato zilizotumika zinazouzwa katikati ya jiji mara nyingi zina kadi mbili za grafiki, ya Intel na ya NVIDIA, na kwa baadhi yake skrini hukwama mara tu nouveau inaposhika kadi, hata mtu asiweze kufika mahali pa kuandika amri. Anayekwama hapo hahitaji kufuta mfumo na kuanza upya, jambo ambalo nimeona wateja wakishauriwa na kulipia. Washa kompyuta huku umebonyeza Shift, au gusa Esc kama ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuanzishia kompyuta), ili orodha ya GRUB ionekane. Simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, na mwishoni mwake ongeza:

`module_blacklist=nouveau`

Kisha bonyeza Ctrl na X pamoja. Kompyuta itawaka safari hiyo moja bila nouveau, na kadi ya Intel itaendesha skrini. Katazo la `module_blacklist` husomwa na keneli yenyewe, ambayo inakataa moduli kwa jina lake hata aliyeileta awe nani, na inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba moduli hiyo imekatazwa. Kwa kulinganisha, `modprobe.blacklist=nouveau`, ambayo nayo huandikwa mahali hapohapo, husomwa na zana za `modprobe` na ina maana ileile finyu ya kupuuza lakabu. Mimi hutumia ya kwanza ninapookoa kompyuta iliyokwama. Hapo ndipo kistari kinapokuwa na uzito: keneli hulinganisha herufi kwa herufi, na majina yake ya moduli yana kistari cha chini, kwa hiyo andika `usb_storage`, usiandike `usb-storage`.

Ukishaingia, andika katazo la kudumu kwenye faili la `.conf`, halafu ujenge upya initramfs:

`sudo update-initramfs -u`

Hiyo ni kwa Debian na Ubuntu. Kwenye Fedora ni `sudo dracut --force`, na kwenye Arch ni `sudo mkinitcpio -P`. Amri hii ndiyo inayosahaulika katika maelekezo mengi, na naamini nusu ya malalamiko ya "nimeandika lakini haisikii" yangekwisha kama ingeandikwa kila mara. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, siku ambazo umeme unakatikakatika, mimi huahirisha hatua hiyo hadi pale ninapoamini umeme umetulia. Unaweza kuchungulia ndani ya kifurushi:

`lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep -e nouveau -e modprobe.d`

Usishangae kuona faili la nouveau bado limo. Kuwemo kwake si tatizo iwapo faili lako la katazo limo pia. Baada ya kuwasha, `lspci -k` itakuonyesha kwa kila kadi ni draiva gani inatumika sasa na ni moduli zipi zinaweza kuishika. Hizo ni habari mbili tofauti, na ya kwanza ndiyo inayokuambia kama umefanikiwa.

Wapo wanaokuja kuniomba nizuie moduli nyingi iwezekanavyo ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo iwe nyepesi. Huwa nawakatalia. Safu ya ukubwa katika `lsmod` imeandikwa kwa baiti, na ukijumlisha zote utaona ni kiasi kidogo mbele ya kivinjari kimoja chenye kurasa chache zilizofunguliwa. Faida ni ndogo, hatari ni kubwa: ukizuia draiva ya diski, kama `ahci` au `nvme`, kompyuta haitawaka, ukizuia `usbhid`, kibodi ya USB haitaandika, na hapo huna hata njia ya kusahihisha. Sababu nzuri za kuzuia moduli ninazozijua ni chache: inashika kifaa ambacho programu nyingine inakihitaji, inakwamisha kompyuta, inagombania kifaa na draiva iliyo bora, inafungua njia ya hatari usiyoihitaji, au inaleta kero ya wazi. Ya mwisho ina mfano wake ndani ya Ubuntu, ambayo inakuja na `pcspkr` ikiwa imekatazwa tayari katika `/etc/modprobe.d/blacklist.conf`, ili kompyuta isipige ule mlio mkali wa spika ya ndani. Faili hilo linafaa kusomwa. Vifurushi vya draiva navyo huongeza makatazo yao: kile cha kadi za Broadcom zinazotumia moduli ya `wl` huzuia `b43`, `ssb` na wenzao, na mtu asiyelijua hilo anaweza kupoteza siku akijiuliza kwa nini `b43` haiji. Amri ya `modprobe -c` huonyesha makatazo yote kwa pamoja, popote yalipoandikwa, na `man modprobe.d` imo ndani ya kompyuta na haili bando.

Na kuna moduli ambazo hakuna faili la `modprobe.d` litakalozigusa, kwa sababu zimejengwa ndani ya keneli na hazipakiwi na mtu. Ukiandika `modinfo` na jina, mstari wa `filename` utasema `(builtin)`, au utalikuta jina hilo katika faili la `modules.builtin`. Usipoteze muda kuandika `blacklist`. Tafuta kama moduli hiyo ina kigezo cha kuizima ambacho keneli inakipokea kwenye mstari wa GRUB; ikikosekana, zipo njia za kutaja kazi yake ya kuanzia kwa `initcall_blacklist=`, lakini hizo ziwe za anayejua hasa anachokizima.

Kila faili la katazo ninaloliandika huanza na mistari miwili mitatu yenye alama ya `#`, inayosema kwa Kiswahili moduli hii imezuiwa kwa sababu gani, nani aliomba, na itarudishwaje. Kwenye kompyuta ya mama wa Nyegezi imeandikwa kwamba diski ya kuhifadhia nakala za hesabu hufunguliwa na msimamizi kwa `sudo modprobe -i usb_storage`, amri ambayo inapita juu ya mstari wa `install` mara moja bila kuufuta, na kwamba baada ya diski kuchomolewa moduli iondolewe kwa `sudo modprobe -r usb_storage`. Siku akitaka flashi ziruhusiwe tena, faili lifutwe, kisha initramfs ijengwe upya, ili udev ya mwanzo na ile ya baadaye zisome maagizo yaleyale.